Mkono Begani

Fundi wa mapazia alikuwa na desturi yake ya kupima madirisha, na hakuibadilisha kwa tajiri wala kwa maskini. Kwanza alivua viatu mlangoni, hata kama mwenye nyumba alimwambia asijisumbue. Kisha akaomba kigoda. Akabana pini midomoni, akavuta utepe kutoka shingoni, akaanza na upana, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, upana husema kweli ila urefu hutegemea sakafu imelalaje. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza upana wa dirisha la sebuleni kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Akageuka juu ya kigoda ili ateremshe utepe, macho yake yakapita ukutani juu ya televisheni, na pini zikamdondoka.

Ukutani palikuwa na picha mpya ndani ya fremu yenye rangi ya dhahabu. Mwalimu ameketi, amevaa gauni la kijani. Mbele yake wamesimama wanawe wawili, wa kiume na wa kike. Nyuma yao yupo mwanamume mrefu mwenye masharubu, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Fundi hakuwahi kumwona mtu huyo popote. Lakini mkono uliokuwa juu ya bega la msichana aliujua. Ulikuwa mkono wa mumewe.

Aliujua kwa kidole gumba kilichoungua kwenye tanuri la mikate, ukucha wake ukaota umepasuka katikati kama ukwato wa mbuzi. Aliujua kwa shati, maana alilishona mwenyewe, na kifungo kimoja cha mkononi kilipopotea alitia kingine cha rangi nyingine, akasema nani atakiona. Zaidi ya yote aliujua kwa namna ulivyoshika: vidole vinne vimelala, gumba limeinuka kidogo, kama mtu aliyeshika ndege na anaogopa kumbana. Hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa akimshika bega binti yao, waliyempa jina la Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza, mpaka mwaka jana homa ilipomnyamazisha.

"Fundi, umeshikwa na kizunguzungu?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, dada. Pini tu." Aliinama kuziokota, akijipa muda. "Picha nzuri. Mpya hii?"

"Ya mwezi uliopita."

"Na huyu ndiye shemeji?"

Mwalimu alisogeza kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimepinda. "Ndiye baba yao."

"Hongereni. Leo hayupo?"

"Yuko safarini. Kazi zake ni za mbali." Kisha, kwa sauti ya kufunga dirisha, "Enhe, umepata ngapi?"

Fundi alitaja namba, na haikuwa ya dirisha lolote. Alipokuwa akivaa viatu vyake mlangoni alitazama viatu vingine vyote vilivyopangwa pale. Vya mwalimu vilikuwepo, vya watoto vilikuwepo. Cha mwanamume hakikuwepo hata kimoja, hata kandambili.

*

Jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, hakuhitaji kusimuliwa jambo mara mbili. Mara ya kwanza yenyewe hakuingoja iishe.

"Sura si yake, mwili ni wake?" alisema, akaacha kuanua nguo. "Shoga, sasa hapo huelewi nini? Siku hizi sura zinabandikwa. Amepiga picha na mumeo, kisha akaona haya kumtundika ukutani, akamfunika kwa sura ya mtu mwingine. Mwenye kuiba kuku haachi manyoya nje."

"Labda ni mtu tu anayefanana naye."

"Afanane naye mpaka kifungo?"

Kifungo kile hakikuwa kimemtoka fundi kichwani tangu asubuhi.

"Anarudi saa ngapi huyo mwoka mikate wako?" Redio aliuliza.

"Jioni. Anasema wameongezewa kazi."

"Ananukia mkate?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la kijinga na jibu lake lilikuwa la kweli. Zamani mumewe alikuwa akiingia mlangoni na harufu ya mkate inamtangulia, na Chiriku alikuwa akimnusa mifukoni kama paka. Siku hizi harufu ile ilikuwa hafifu, siku nyingine haikuwepo kabisa.

"Mimi simsemi mtu," Redio akamalizia, jambo ambalo husemwa na watu wa aina yake wakiwa wameshasema. "Ila mwanamume aliyefiwa na mtoto hafanani na mwanamke aliyefiwa na mtoto. Sisi tunabaki na kaburi. Wao wanatafuta mwingine."

Fundi aliingia ndani akafunga mlango. Hakumchukia Redio kwa maneno yale. Alijichukia mwenyewe, kwa kuwa yalikuwa yamo moyoni mwake miezi mingi, na leo ameyasikia tu yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Siku ya mazishi mumewe hakutoa chozi. Alihangaika na viti. Kila aliyefika alimpatia kiti, na vilipokwisha alikwenda kuazima vingine kwa majirani, akavibeba kichwani, na watu wakamsifu kwamba ni mwanamume hasa, amejikaza. Baada ya hapo hakulitaja jina la mtoto tena. Ilipobidi, alisema "yule." Nguo za yule ziwekwe wapi. Daftari za yule apewe nani. Majirani nao, kwa huruma, wakaacha kumwita mkewe Mama Chiriku. Wakaanza kumwita fundi tu, kama vile alizaliwa na utepe shingoni.

*

Mumewe aliporudi jioni alimkuta amekaa kwenye cherehani, kitambaa cha mwalimu mapajani, mashine imenyamaza.

"Habari za kutwa, mke wangu."

"Nzuri. Za kazini?"

"Kazi ni kazi."

Alimpokea mfuko wa mkate na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kola. Pale shati lilipogusana na shingo palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, laini. Alipitisha kidole. Poda.

"Hii nini?"

Mwanamume alijigusa shingo. "Unga."

"Unga wa mkate unanukia maua?"

"Basi ni kitu gani?" Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Umeanza kukagua kola?"

"Nauliza tu. Leo mmeoka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ilipokwisha."

"Shati lako la bluu liko wapi? Nililokushonea."

"Nimeliacha kazini. La kubadilisha."

"Unabadilisha nguo kazini, ukivaa nzuri ukivua mbovu?"

"Mama, nimechoka," alisema, na kweli alionekana amechoka, macho mekundu, kope zimevimba. "Kama kuna neno, liseme. Kama hakuna, niletee maji."

Lilikuwepo neno. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini fundi alikuwa mtu wa kushona kwa ndani. Hata akigombana, mshono haukuonekana upande wa nje. Alimletea maji. Kisha akakikata kile kitambaa kwa hasira, kwa urefu ambao hakuwahi kuupima, akakishona bila kuinua kichwa.

*

Mwalimu alikuja mwenyewe na pazia mkononi, kwa uso wa mtu aliyejiandaa njia nzima.

"Fundi, hebu niambie. Hili ni pazia au ni sketi? Limeishia magotini. Mtu akipita nje anaona miguu yetu, hajui ni ya nani."

Katika hali nyingine wangecheka. Upande wa pili wa ukuta, Redio alizima redio yake ya kweli ili asikie vizuri.

"Nitalirekebisha, dada. Nisamehe. Siku ile sikupima urefu."

"Kwa nini? Wewe sifa zako ni vipimo. Nimekuchukua kwa sifa hizo."

"Niliiona ile picha."

Mwalimu akaliteremsha pazia taratibu mpaka likagusa sakafu. "Picha yangu imekukosea nini?"

"Yule mwanamume wako yuko wapi, dada? Yule hasa. Nionyeshe hata kiatu chake."

Alijuta hapo hapo. Uso wa mwalimu ulibadilika, wala hakukasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa kitambaa kichwani mbele za watu.

"Kumbe na wewe ni wale wale," mwalimu alisema polepole. "Shuleni wananisema kwenye chumba cha walimu. Sokoni wananisema. Nikaona angalau fundi wa mapazia atapima dirisha na kwenda zake. Mambo ya picha kamuulize aliyeipiga. Mama Picha, ghorofani, juu ya duka la viatu. Na hilo pazia baki nalo."

Akaondoka. Fundi alibaki na kitambaa alichokinunua kwa pesa yake, na jina la mahali. Aliona aibu, lakini chini ya aibu shaka ilikuwa ingali hai. Huyu mwanamke hakukana. Mtu aliyesingiziwa si angekana?

Njiani alipitia kwenye tanuri la mikate. Mkubwa wa waokaji alimkaribisha kwa furaha iliyopungua kila alivyouliza.

"Kazi ya ziada? Shemeji, hapa unga wenyewe haututoshi, tutaongeza kazi gani? Mumeo anatoka mchana. Anapeleka mikate kwa wateja wake wa mjini, wa mwisho ni wale wa studio juu ya duka la viatu. Harudi tena." Akajikuna kichwa, akamtazama kwa huruma ya kuudhi. "Mwanaume lazima atembee kidogo, shemeji. Usimbane sana."

Waokaji wawili nyuma yake wakageukia ukuta ili wacheke vizuri.

*

Ngazi za studio zilikuwa nyembamba na zilinuka ngozi ya viatu vipya. Fundi alipanda akiwa ameshapanga maneno. Angesema hili, kisha lile, na la mwisho lingekuwa "nipe ufunguo wa nyumba." Karibu na mlango wa juu akasikia sauti nzito ya mwanamke kutoka nyuma ya pazia jeusi.

"Sogea karibu. Karibu zaidi, usiogope. Mkono wako weka hapa. Hivyo hivyo. Umeona inavyopendeza?"

Kwa hiyo ni kweli, alijiambia, na ajabu ni kwamba maneno yote aliyoyapanga yalitawanyika kama shanga zilizokatikiwa na uzi. Akalifungua pazia kwa vidole viwili.

Taa zilikuwa kali. Mbele ya kitambaa kilichochorwa ngazi za jumba na maua, aliketi mwanamke mmoja mwenye mtoto wa kike wa miaka kama mitano mbele yake. Nyuma yao alisimama mumewe, amevaa shati la bluu, shingo na mikono vimepakwa poda. Mkono wake ulikuwa begani mwa yule mtoto. Naye alikuwa analia. Hakuinamisha uso, hakujifuta. Machozi yalishuka mashavuni mpaka kidevuni, na mdomo ulikuwa umejikunja kama wa mtoto mchanga.

Mwanamke mnene mwenye penseli kwenye nywele alikuwa nyuma ya kamera. "Lia tu, baba, lia," alisema, kama anayemwambia mtu anywe chai. "Sura naikata. Ila bega lisitetemeke, bega nalihitaji."

Kamera ikapiga. Mwangaza wa taa ulimfanya mume asione chochote kilicho gizani, naye fundi akalirudisha pazia, akakaa kwenye benchi ya wateja kwa sababu hakujua mahali pengine pa kukaa.

Mteja alipoondoka na mwanawe, Mama Picha alitoka akijifuta jasho. Nyuma, kwenye bomba, palisikika mtu ananawa.

"Karibu, dada. Paspoti, au familia?" Alimtazama kidogo, akateremsha sauti kwa upole wa kibiashara. "Au na wewe unataka wa kusimama? Usione haya, wengi wanakuja. Mwingine mume kafa, mwingine kakimbia, na mtoto anataka kumwona baba yake amesimama naye kama watoto wenzake. Wewe nipe sura tu, hata ya kitambulisho. Mwili tunao. Sura unayo?"

"Sura ninayo," fundi alisema. "Mwili ndio umenipotea."

Mama Picha hakuelewa, ila alikuwa amezoea watu wasioeleweka. Akamsogeza mbele ya kompyuta ili amwonyeshe mifano. "Tazama. Huyu ni mwalimu, alikuja na wanawe. Mume alimwacha wadogo wakiwa hawajajua kutembea. Hii ndiyo aliyochukua." Ilikuwa picha ile ile ya fremu ya dhahabu, na masharubu yake. "Na hii ndiyo kabla sijakata."

Pale palipokuwa na masharubu palikuwa na uso wa mumewe. Hakuitazama kamera. Alikuwa anamtazama msichana kwa juu, pale nywele zinapogawanyika utosini, na uso wake ulikuwa umelegea kabisa, umevunjika, hauna mlinzi. Fundi alikuwa ameishi na uso huo miaka mingi na tangu mazishi hakuwahi kuuona.

"Nyingine zipo?"

"Zipo nyingi. Nashindwa kuzifuta, sijui kwa nini. Kisanii hazina kazi, mteja hazitaki." Aliendelea kubonyeza. Watoto walibadilika, mama zao walibadilika, shati lilikuwa lile lile, na kila mara uso ule juu yao, unalia, au unacheka huku unalia, au umefumba macho. "Alikuja kuleta mkate. Mteja mmoja alikuwa anasubiri mtu wa kusimama na mtu hakuja. Nikamwambia, baba, hebu simama hapa kidogo. Aliposhika bega la mtoto nilidhani ataanguka. Nikampa pesa yake akairudisha. Kesho yake akaja na shati safi. Tangu hapo nikawa namwita yeye, maana wengine nikiwaajiri wanashika mtoto kama wameshika kiti. Huyu anashika kama baba." Akageuka. "Sasa dada mbona na wewe unalia?"

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mumewe alitoka na taulo shingoni, poda bado imebaki nyuma ya sikio. Alimwona mkewe, akaiona kompyuta, akaona alichokuwa anakitazama. Akasimama.

Mama Picha hakuwa mjinga. Alichukua pochi yake, akasema anakwenda kununua chaji, na akateremka ngazi bila kueleza ni chaji ya nini.

"Umeambiwa na nani?" mume aliuliza.

"Na kifungo."

Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Si kama unavyodhani."

"Mimi nadhani nini?"

"Kwamba nina mtu."

"Nilidhani hivyo. Mtaa mzima unadhani hivyo. Pale kwenye mikate wamenicheka mgongoni." Sauti ilimpanda, akairudisha chini. "Nimemtukana mwalimu wa watu kwa ajili yako. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba kila mchana naenda kushika mabega ya watoto wa watu? Ungeniona nimerukwa na akili."

"Ungenijaribu."

Mume alikaa kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya maua ya kuchora. Alizungumza akitazama mikono yake. "Nyumbani siwezi. Nikianza, wewe utaanguka, na wewe ukianguka nani atakushika? Siku ile walisema nimejikaza. Basi nikabaki nimejikaza, sikujua pa kulegezea. Hapa sura inakatwa. Hakuna anayeiona."

"Mimi ningeiona."

"Ndiyo sababu."

Chini dukani mtu alikuwa anajaribu viatu vipya, anatembea huku na huku, visigino vinagonga sakafu. Fundi alisikiliza visigino vile. Alijua kwamba akinyamaza sasa watashuka ngazi pamoja, atampa maji jioni, na mshono utabaki upande wa ndani mpaka wazeeke. Akamwendea. Hakumshika bado.

"Sikuja hapa kukufumania," alisema. "Nilijiambia hivyo njia nzima, lakini si kweli. Ungekuwa na mwanamke ningelia, ningerudi kwa mama yangu, yangekwisha. Nilichokiogopa si mwanamke. Niliogopa kwamba umemsahau. Kila uliposema 'yule' nilihisi unamzika tena, nami nimebaki peke yangu ndani ya nyumba ile, mama wa mtoto ambaye hakuna mtu mwingine anayemkumbuka. Nimekuchukia kwa hilo. Nimekupikia na kukufulia huku nimekuchukia."

Mume alikuwa ameinua uso. Ulikuwa ule ule wa kwenye picha, na safari hii hakuuficha.

"Usimlilie mtoto wetu huku kwa watu," fundi alisema. "Njoo umlilie kwangu. Nikianguka, tutaanguka wote."